Mafundi wa Sakafu ya Bahari

Mwashi akimaliza ukuta hurudi nyuma hatua chache akauangalia. Fundi wa mwamba wa kutengenezwa hana raha hiyo. Kazi yake imelala chini ya maji, mita 200 au 300 kutoka ufukweni, na siku bahari ikitulia huwezi kujua kama kuna kitu pale. Kinachoonekana ni wimbi, na wimbi lenyewe si lake. Lilizaliwa kwenye dhoruba ya mbali, na lingefika pwani hata kama yeye asingekuwepo. Alichobadilisha ni mahali linapovunjika na namna linavyovunjika, basi. Kwangu hii ni mojawapo ya kazi ngumu kuliko zote zinazofanywa ufukweni, na wengi walioijaribu wameaibika mbele ya watu.

Msomaji aliyekulia Nyali, Diani au Jambiani hahitaji kuelezwa mwamba hufanya nini. Huuona kila siku mstari mweupe wa povu kule nje, bahari ikipigana na matumbawe, na huku ndani maji yametulia kiasi cha mtoto kuokota makombe. Nguvu ya bahari huishia pale, na mchanga wa ufukweni hubaki mahali pake. Pwani nyingi za dunia hazikujaliwa hivyo. Kutoka ufukweni hadi maji makuu ni mchanga mtupu, na dhoruba ikija hukutana moja kwa moja na barabara na nyumba za watu. Ndipo likaja wazo la kuweka mwamba mahali ambapo Mungu hakuuweka. Na kwa kuwa Australia, New Zealand na Marekani zina watu wengi ambao maisha yao yote ni kupanda mawimbi kwa ubao, wazo la pili likapandishwa juu ya lile la kwanza: ikiwa mwamba utalivunja wimbi, basi ulivunje vizuri.

Hapo kwenye kulivunja vizuri ndipo ufundi wote ulipo, na inafaa twende polepole.

Wimbi likiwa bahari kuu haliijui sakafu. Huanza kuihisi pale kina kinapopungua hadi nusu ya umbali ulio kati ya wimbi na wimbi. Kwa mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 10, umbali huo ni kama mita 156, maana yake sakafu iliyo mita 78 chini tayari imekwisha kulishika mguu. Kadiri maji yanavyopungua kina, ndivyo wimbi linavyopoteza mwendo. Penye mita 4 za maji huenda karibu mita 6 kwa sekunde, na penye mita 1 hubaki na nusu ya mwendo huo. Sehemu iliyo juu ya mwamba huchelewa, ile iliyo kwenye maji marefu hutangulia, na mstari mzima wa wimbi hupinda. Kina kikipungua zaidi, hadi karibu mara 1.3 ya kimo cha wimbi, maji ya juu huyashinda ya chini kwa mwendo na wimbi huanguka. Kwa hiyo wimbi la mita moja na nusu huvunjika penye karibu mita 2 za maji. Mambo haya yanajulikana na yanahesabika. Ugumu ni kuyatumia yote kwa pamoja, juu ya sakafu moja, kwa mawimbi ambayo hayafanani.

Wimbi likikutana na ukingo ulionyooka sambamba nalo, huanguka lote kwa mpigo. Linapendeza kwa macho, lakini halina faida kwa mwenye ubao, kwa kuwa hana pa kukimbilia. Anachotaka ni wimbi linaloanza kuvunjika upande mmoja na kuendelea hadi mwisho wa pili, kama mkeka unaokunjwa kutoka ncha moja, yeye akikimbia mbele ya mkunjo. Katika miaka ya 1970 mtafiti James Walker, huko Hawaii, alionyesha kwamba jambo hili linaweza kupimwa kwa pembe: pembe iliyo kati ya mstari wa wimbi ambalo bado halijavunjika na njia inayoachwa na povu. Pembe ikiwa sifuri, wimbi lote limeanguka kwa pamoja. Tuchukue wimbi linaloenda mita 5 kwa sekunde. Pembe ikiwa nyuzi 30, mpandaji lazima akimbie mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, na hapo wanabaki mabingwa peke yao. Pembe ikiwa nyuzi 45, mwendo unashuka hadi kilomita 25 hivi kwa saa, na watu wa kawaida wanaingia mchezoni. Ikikaribia nyuzi 90, wimbi linakuwa la kujifunzia. Kwa hiyo fundi anapochora mgongo wa mwamba wake, kule kuuelekeza nyuzi chache huku au kule ni kuamua nani atacheza pale na nani atakaa mchangani akitazama.

Uko pia mteremko. Mhandisi wa Kihispania Ramón Iribarren alituachia njia ya kupima jinsi mteremko wa sakafu unavyoamua tabia ya wimbi. Mteremko ukiwa mdogo, povu humwagika taratibu kutoka kileleni. Ukiwa mkali zaidi, kilele hurushwa mbele na kuacha pango la maji ambalo wapanda mawimbi huliota usiku. Ukizidi kuwa mkali, wimbi halivunjiki tena, hupanda tu na kushuka kama linavyofanya kwenye ukuta. Kisha kuna maji kujaa na kupwa, jambo ambalo wachora ramani wa ofisini hulisahau. Mwamba uliowekwa mita moja na nusu chini ya maji kupwa una mita tatu au zaidi juu yake maji yakijaa, na mawimbi madogo yatapita bila hata kuugusa. Ukiinuliwa ili uyashike, maji yakipwa utakuwa karibu mno na uso wa bahari, na anayeanguka kutoka kwenye ubao atajua alichoangukia. Hakuna kimo kinachofaa saa zote. Kuna kimo ambacho fundi amekubali hasara zake.

Waliolichukua suala hili kwa subira kubwa zaidi walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, ambako Kerry Black aliongoza mpango wa utafiti wa miamba ya kutengenezwa ulioanza mwaka 1995. Yeye na Shaw Mead hawakuanza na mchoro. Walikwenda na mashua ndogo, kipima-kina cha sauti na GPS kwenye sehemu zinazosifika kwa mawimbi, wakazipita mstari baada ya mstari, wakipima kina cha sakafu iliyo chini ya mawimbi ambayo watu walikuwa wakiyasifu kwa mdomo tu. Naipenda hatua hii kuliko zote za kazi hii. Mwenye haraka angechora pembetatu na kutafuta mfadhili. Wao walikwenda kuiuliza bahari kwanza imefanyaje pale ilipofaulu yenyewe. Walichokikuta ni kwamba sakafu yenye wimbi zuri ni vipande kadhaa vinavyopokezana. Kwenye maji marefu kuna mteremko mpana unaoyapanga mawimbi kabla hayajafika, mara nyingine kuna kilima kinachokusanya nguvu sehemu moja, halafu kuna kabari ambayo juu yake wimbi huvunjika. Ukijenga kabari peke yake bila kile kilichotangulia, umejenga mlango bila ukumbi.

Ujuzi huo ulipata nafasi yake kubwa ya kwanza Gold Coast, kusini mwa Brisbane, katika jimbo la Queensland. Pwani ile ina historia ya maumivu. Mwaka 1967 dhoruba zilifuatana moja baada ya nyingine na kukomba fukwe hadi kwenye misingi ya nyumba. Mchanga wake ni msafiri pia: kiasi cha mita za ujazo 500,000 hupita kila mwaka kuelekea kaskazini, zikisukumwa na mawimbi yanayopiga pwani kwa mshazari. Kaskazini mwa Surfers Paradise kuna mahali paitwapo Narrowneck, ukanda mwembamba wa ardhi wenye bahari upande mmoja na mto Nerang upande wa pili, na barabara kuu inapita katikati. Hapo hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Jiji liliamua kupanua ufukwe kwa kuumwagia mchanga zaidi ya mita za ujazo milioni moja, na kuujengea mwamba wa kusaidia kuushika mchanga huo. Ujenzi wa mwamba ulianza mwaka 1999.

Hawakutumia mawe. Walitumia mifuko ya kitambaa kizito cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, zaidi ya mifuko 400, kila mmoja ukiwa na urefu wa kama mita 20 na uzito wa tani 150 hadi 300. Mfuko ulitandikwa ndani ya tumbo la meli ya kuchimbua mchanga, ukajazwa mchanga wa bahari, ukashonwa mdomo, kisha meli ikaenda hadi kwenye nukta iliyopangwa. Ilipofika, tumbo la meli likafunguka pande mbili na mfuko mzima ukazama. Meli hiyo inayumba, chini yake kuna mkondo, na mfuko ukishaachiwa hakuna mkono unaoweza kuurekebisha. Fundi alikuwa akijaribu kuchonga mgongo wenye pembe za nyuzi kadhaa kwa matofali yenye uzito wa tani 300, yanayoangushwa gizani. Siku bahari ikichafuka hakuna kazi. Na ile ni pwani iliyochaguliwa kwa sababu bahari yake huchafuka.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa adabu: mikono miwili inayoelekea baharini, na katikati mlango wa maji marefu wa kurudishia maji nje na kumpitisha mwenye ubao anayetoka kwenda kupanga foleni. Si mifuko yote iliyotua ilipokusudiwa. Baadhi ilichanwa na nanga na pangaboi za mashua. Upande mwingine, kitambaa kilipata uhai haraka kuliko wengi walivyotarajia, mwani ukashika, viumbe wa sakafuni wakahamia, samaki wakafuata, na wazamiaji wakafuata samaki. Kwenye jengo refu lililo karibu zilifungwa kamera zinazotazama ufukwe mchana kutwa, na watafiti wa New South Wales wakawa wakisoma katika picha hizo mstari wa maji ulivyosonga mbele na kurudi. Kujenga ni nusu ya kazi. Kukubali kuangaliwa kwa miaka ni nusu nyingine, na ni wachache wanaoilipia.

Matokeo? Ufukwe ulipanuka, ingawa mwamba hauwezi kudai sifa zote maana mchanga ulimwagwa kwa wingi pia. Wapanda mawimbi, waliokuwa wameahidiwa mengi, walinung'unika kwamba mwamba ulifanya kazi siku za mawimbi makubwa na kulala siku nyingine. Mimi nauona Narrowneck kuwa kazi nzuri iliyosifiwa kwa sababu isiyo yake. Ulijengwa kwanza kuulinda ufukwe, na wimbi lilikuwa nyongeza. Matangazo yaligeuza mpangilio huo, na lawama zikafuata matangazo.

Wengine hawakuwa na bahati hata hiyo. El Segundo, California, mamlaka ya pwani iliilazimisha Chevron kutoa dola 300,000 kwa sababu ukuta wa mawe uliojengwa kulinda mali ya kampuni hiyo ulikuwa umeharibu mawimbi ya mahali pale. Fedha hizo zilijenga Pratte's Reef, uliopewa jina la Tom Pratte, mmoja wa walioanzisha shirika la Surfrider Foundation. Mifuko ilikuwa kama 200, lakini midogo, na kwa fedha ile isingewezekana zaidi. Bahari ya Pasifiki haikutambua kuwa kuna kitu kimewekwa. Mwaka 2008 mabaki yalikuwa yakiondolewa. Somo lake ni la ukubwa: mwamba mdogo mno haupindi wimbi, hulikwaruza tu.

Mount Maunganui, New Zealand, ujenzi ulianza mwaka 2005 na kusuasua miaka kadhaa, na mwaka 2014 mamlaka ya eneo ikaanza kuuondoa, kwa kuwa ulileta shimo na mkondo hatari badala ya wimbi la kutegemewa. Kovalam, Kerala, mwamba uliowekwa mwaka 2010 ulikutana na mawimbi ya masika ya India na mifuko ikapasuka. Boscombe, kusini mwa Uingereza, mwamba wa mifuko 55 ulifunguliwa Novemba 2009 kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 3, na mwaka 2011 ukafungwa baada ya pangaboi ya mashua kuuchana na umbo lake kubadilika. Boscombe inanisikitisha kuliko nyingine, maana mawimbi yake mengi ni madogo na ya vipindi vifupi. Fundi, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuchonga mbao ambayo haijaletwa.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo halionekani haraka, nalo ni kubwa zaidi kwa wenye nyumba za ufukweni. Watu hudhani kwamba chochote kinachovunja mawimbi huko nje lazima kitakusanya mchanga huku ndani. Mwaka 2006 Roshanka Ranasinghe na Ian Turner walipitia taarifa za miamba na kuta zilizozamishwa baharini katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba nyingi kati ya hizo zilifuatiwa na ufukwe kuliwa zaidi. Sababu yake inaeleweka ukiyafuatilia maji yenyewe. Wimbi likivunjika juu ya mwamba, husukuma maji kuingia ndani. Maji hayo lazima yatoke. Mwamba ukiwa karibu mno na pwani, yatatoka kwa kukimbia pembeni kufuata ufukwe, yakibeba mchanga wake. Mwamba ukisogezwa mbali zaidi, mzunguko hugeuka: mikondo hukutana nyuma ya mwamba na kuacha mchanga pale, na ufukwe hutoa tumbo kuelekea baharini. Palm Beach ya Florida ililipia elimu hiyo mapema. Ukuta wa vipande vya zege uliozamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliongeza mmomonyoko, ukaondolewa mwaka 1995.

Kwa hiyo umbali kutoka ufukweni ni uamuzi mzito kuliko hata umbo. Na ni uamuzi ambao hakuna mtu atakayeusifu, kwa sababu hakuna anayeuona.

Sasa niende kwa wale ninaowavulia kofia. Wa kwanza ni mwamba wa Cables, karibu na Cottesloe mjini Perth, uliokamilika mwaka 1999. Aliyeusanifu, Charitha Pattiaratchi wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, alifanya jambo la busara: alijenga juu ya mwamba wa chokaa uliokuwepo tayari. Palikuwa na wimbi baya, akaongeza mawe ya matale mahali palipopungua, na wimbi likawa bora. Hakuahidi paradiso. Aliahidi siku kadhaa zaidi za mawimbi yanayopandika kwa mwaka, akazihesabu, na mwamba ukazitoa. Mawe hayachaniki kwa pangaboi, na mwamba wa chokaa chini yake hauchimbiki kama mchanga.

Wa pili ni Palm Beach, hii ya Gold Coast yenyewe, iliyo kusini mwa Narrowneck. Wenyeji wa jiji lile walikuwa na miaka ishirini ya kuutazama mwamba wao wa kwanza, na inaonekana kwenye kazi. Safari hii walitumia mawe, kiasi cha tani 60,000, mengine yakiwa na uzito wa tani 8, yaliyopangwa mita 270 hivi kutoka ufukweni, kilele kikiwa mita moja na nusu chini ya maji. Umbo lilijaribiwa kwa hesabu za kompyuta, kisha mfano mdogo ukajengwa kwenye dimbwi la maabara na kupigwa mawimbi hadi wasanifu waliporidhika. Ufukwe uliongezewa mchanga kwanza. Mwaka 2019 mwamba ulikamilika kwa gharama ya dola milioni 18.2 za Australia, na ulipopata mawimbi ya kusini-mashariki ulitoa wimbi la kulia ambalo watu walilishangilia. Jiwe likitua vibaya, jingine linaweza kuwekwa juu yake. Mfuko wa tani 300 hauna msamaha huo.

Ukitazama kazi hizi mbili utaona kwamba ufundi uliokomaa umekuwa na maneno machache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ziliuza mawimbi kama watu wanavyouza viwanja, kwa picha za rangi. Waliobaki wanazungumza juu ya uwezekano, idadi ya siku na gharama ya ukarabati. Wapandaji wengi wanaona hilo ni baridi. Mimi naona ni heshima.

Huku kwetu kuta za bahari zinaongezeka, ukiwemo ule wa Dar es Salaam kandokando ya Barabara ya Barack Obama, na haitashangaza siku moja mtaalamu wa kigeni akitua Pwani na mchoro wa mwamba mkononi. Halmashauri itakayoupokea imwombe mambo manne kabla ya kujadili bei: vipimo vya kina vya mwaka mzima, vikijumuisha kusi na kaskazi, hesabu ya mchanga unaopita pale na unakokwenda, sababu ya kuchagua umbali ule kutoka ufukweni, na maandishi ya nani atalipia ukarabati mwaka wa kumi. Aeleze pia matumbawe yaliyo hai mahali hapo yana hali gani, kwa kuwa kuyatunza hayo ni rahisi kuliko kujenga mengine. Mchoro usio na majibu hayo urudishwe kwa mwenyewe.